Nyuzi Tatu na Mayai ya Koboko

Wapo watu hapa Arua wanaosema mimi sijui kitu, nilibahatisha tu. Waseme. Nilianza kwa kusukuma malori yaliyozama kwenye matope ya Vurra, na leo nina mashine mbili zinazototoa vifaranga bila kuku hata mmoja kukalia yai. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Niliona tu kwamba walimu wamefika mwisho wa wanachokijua. Ufundi wa redio niliupata kwa kuzifungua, wa betri za jua kwa kupigwa shoti, na Kiswahili nilikiokota kwa madereva wa Kongo waliokuwa wakinitukana. Lugha ya C, ile wanayoandikia programu za kompyuta, nilijifunza kwa hasira. Sijaona mwalimu anayeifikia hasira.

Hasira hiyo niliuziwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni Mnubi wa Koboko, ana duka la chakula cha kuku, na ana mdomo ambao ungetosha duka zima la watu. Mimi ni mtu wa Manibe, kijiji cha hapa hapa Arua. Nilipomwoa dada yake watu wa pande zote mbili walinuna, nami sikuwauliza wananunia nini. Mashine ya kwanza iko nyumbani kwangu. Ya pili niliiweka kwenye ua wa shemeji kwa sababu Koboko ndiko wanakopita wanunuzi wa Sudan na wa Kongo, na kifaranga hapendi safari.

Mashine yenyewe ni kabati kubwa la mbao. Ndani kuna trei za mayai, hita ya kuleta joto, feni ya kulisambaza, na mota inayoinamisha trei ili mayai yageuke kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo. Juu ya kabati imekaa kompyuta ndogo isiyozidi pakiti ya sigara. Hiyo ndiyo kuku mwenyewe. Programu yake ya kwanza iliandikwa na kijana mwenye digrii, kutoka Kampala. Alikuja, akachomeka nyaya, akapigwa picha na mashine yangu, akaondoka.

Kumbe programu ya yule msomi ilikuwa inafanya kazi kwa foleni. Pima joto. Washa hita au zima. Geuza mayai. Mtumie mwenye mali ujumbe kwenye simu. Rudi mwanzo. Siku moja mtandao wa Koboko ulipotea, kama unavyopotea kila unapotakiwa. Ujumbe ukakataa kwenda. Kompyuta ikasimama hapo hapo kuungojea uende, na huku nyuma hita inawaka tu, hakuna wa kuizima. Mtandao uliporudi, mayai yalikuwa yameiva.

Shemeji alimenya moja, akalila.

Haikuisha hapo. Shangazi yao alikufa, nikaenda Koboko kwenye msiba. Kwetu huku, anayekuja ndiye anayesalimu. Anayekutwa anaitikia. Hiyo haina mjadala. Lakini siku ile mimi na shemeji tulifika mlangoni kwa pamoja, mimi natoka barabarani, yeye anatoka msikitini. Nani amekuja na nani amekutwa? Mimi ni mkubwa kwake kwa umri. Yeye ndiye aliyetoa mke. Nikamngoja asalimu. Akaningoja nisalimu. Watu wakajaa nyuma yetu na masufuria yao ya chakula, mama mmoja akasema, "Nyinyi wawili nafunga mulango ao namna gani?" Mwishowe nikapita kushoto, yeye akapita kulia, na salamu haikutoka.

Ndani, alipokwisha kukaa, akawaambia watu kwa sauti ya kuuza samaki:

"Shemeji yangu huyu iko na akili mingi sana. Kuku ya watu natotoa vifaranga. Kuku yake natotoa mayai ya kuchemsha. Bado chumvi tu."

Watu walicheka msibani. Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho, nikarudi Arua, na tangu siku ile sikumpigia simu wala yeye hakunipigia. Kupiga simu ni kuja. Anayekuja ndiye anayesalimu. Nikaapa kwamba programu inayofuata nitaiandika kwa mkono wangu.

Nikaenda kwenye kituo kimoja cha mafunzo pale mjini. Mwalimu alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu wa kwanza, mtoto wa askari, aliyekulia kambini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi na sura yake ya kambi. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Mzee, wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale mwalimu alipochoka."

"Mimi hapana choka. Kaa kule nyuma."

Sikukaa nyuma. Nilikaa mbele kabisa, katikati ya vijana waliokuwa wakinuka manukato, na nilikaa hapo muhula mzima. Wengine waliacha. Wengine walikuwa wanatazama mpira kwenye simu chini ya meza. Mimi nilikuwa naandika programu kwa kidole kimoja, lakini kidole hicho kilikuwa kinajua kinakokwenda.

Yule mwalimu sikumpenda, na yeye hakunipenda. Nikimwonyesha kazi hasemi vizuri. Anasema, "Haijavunjika bado." Nilimwambia kwamba mimi ninaajiri watu wenye diploma. Akasema, "Kompyuta hapana jua wewe unaajiri nani. Ukisahau nukta-mkato inakukatalia, hata ukiwa rais." Siku nyingine nikamletea trei ya mayai, kwa heshima tu. Akauliza kama yamechemshwa. Kumbe maneno ya shemeji yalishafika Arua.

Lakini dawa yangu alikuwa nayo yeye. Nilipomweleza jinsi kompyuta ilivyosimama kungoja ujumbe, hakufikiri hata kidogo.

"Foleni moja hiyo. Vunja foleni. Kila kazi upe uzi wake."

Kwenye C, uzi ni kazi inayotembea peke yake ndani ya programu ile ile, bila kungoja zamu. Unaandika kazi ya hita, unaandika kazi ya kugeuza mayai, unaandika kazi ya simu, kisha unaziachia zote pamoja. Simu ikigoma, igome. Hita haina habari nayo. Nilielewa kabla hajamaliza kusema, kwa sababu ndivyo ninavyoendesha mambo yangu. Mtu wa mahindi hasimami kwa sababu mtu wa maji amechelewa.

Jaribio langu la kwanza liliisha kabla halijaanza. Nilileta darasani mota na hita ndogo za kujaribia, nikawasha programu, ikarudi kimya, hakuna hita, hakuna mota, hakuna kitu. Mwalimu akaja akainama juu ya bega langu.

"Umeanzisha nyuzi tatu, halafu programu kubwa yenyewe imekwenda nyumbani. Ikitoka, wote wanakufa nayo. Mwambie angoje wenzake."

Hilo liliniuma, maana mimi kwenye kazi zangu zote ndiye wa mwisho kufunga mlango. Nikaweka mstari wa kungoja. Nyuzi zikaondoka zote tatu. Mota ikanguruma, taa ya hita ikawaka, na simu yangu ikaita palepale kwenye meza. Vijana wa manukato wakageuka kutazama. Niliwaacha watazame.

Kisha akanifundisha kufuli. Nyuzi zote zinaishi chumba kimoja na zinashika vitu vile vile. Zikishika kitu kimoja kwa pamoja, zinakiharibu. Kwa hiyo kila kitu cha kugombaniwa kinakuwa na kufuli yake, uzi unaotaka kukitumia unaichukua kwanza, na mwingine unaoitaka unangoja mpaka iachiwe. Mimi nikaweka kufuli mbili, moja ya hita na moja ya simu. Nilifikiri nimemaliza. Nikapeleka programu Koboko kwa mkono wa dereva wa lori, ndani ya kadi ya kumbukumbu, na mtu wa dukani kwa shemeji akaichomeka. Mimi sikuingia uani kule. Nilituma na ubao wa kutundika juu ya mashine, nimeuandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPANA GUSA.

Akina mama wa Koboko wakasikia mashine imepona. Kikundi chao kilikuwa kimekusanya mayai ya kuku wa kienyeji, kila mama na yake, wakitaka vifaranga wakue pamoja na kuuzwa pamoja. Hayakuwa mayai yangu, hayo. Yalikuwa yao, na kila trei mwenyewe aliijua. Wangeyapoteza, mimi Koboko ningekwisha. Nisingeuza huko hata yai la kukaanga. Na shemeji angekuwa na hadithi ya misiba yote mpaka kiyama.

Ndiyo maana nilikuwa macho. Niliiongezea programu uwezo wa kupokea amri, hivyo nikiwa Manibe nilituma ujumbe kuambia mashine ipandishe joto kidogo, ishushe kidogo, inieleze ilivyo. Nilituma asubuhi, nilituma nikila, nilituma nikiwa chooni. Mke wangu alisema, "Hata mimi mimba zangu zote hukuniuliza hali hivyo." Sasa ningefanyaje? Mtu aliyekuwa pale karibu na mayai ni mtu nisiyesema naye. Kama angekuwa mtu wa kupiga simu na kusema joto ni hili, nisingekuwa natuma.

Wiki ya mwisho, mayai yakiwa karibu kabisa kupasuka, nilikuwa darasani asubuhi nikaona ujumbe wa Koboko haujaingia. Nikatuma amri. Kimya. Nikatuma tena. Kimya. Mtandao wa Koboko ulikuwepo, maana dereva wangu alikuwa huko na tuliongea vizuri. Nikamwambia apite nje ya ua wa shemeji achungulie. Akapiga akasema, "Bosi, mashine nafanya kazi, nimeona trei inainama." Hapo nikapumua. Lakini mwalimu, aliyekuwa anasikiliza bila kukaribishwa, akasema:

"Kugeuza ni uzi mwingine. Muulize hita. Taa ya hita inawaka?"

Dereva akaenda tena. Taa haikuwaka. Zaidi ya kuchungulia hakuweza, ua si wake na lori lilikuwa linamngoja kuvuka mpaka.

Nikamfungulia mwalimu programu yangu. Aliisoma akiwa amesimama, anatafuna muhogo. Akaweka kidole kwenye skrini, hapa, halafu chini, hapa.

"Huyu wa hita anashika kufuli ya hita. Akiwa bado ameishika anataka kufuli ya simu akutumie habari. Sawa?"

"Sawa."

"Huyu wa simu anashika kufuli ya simu. Amri yako imeingia, anataka kufuli ya hita abadilishe joto. Ya simu bado hajaachia. Sawa?"

"Sawa."

"Siku hawa wawili wakigongana, huyu nangoja yule, yule nangoja huyu. Hakuna anayekosea. Hakuna anayetoka. Na wewe kwa kutuma-tuma kwako umewagonganisha tu."

Nilitamani kumtukana. Mayai yalikuwa yanapoa.

"Piga simu huko," akasema. "Mutu mmoja azime, awashe. Sasa hivi."

"Siwezi."

"Simu haina chaji?"

"Mwenye ua yule ndiye anatakiwa kunipigia mimi. Anaona mashine imepoa. Mbona hapigi?"

Akaacha kutafuna. Akaniuliza ugomvi wenyewe, nikamweleza mlango wa msibani kwa maneno machache. Akacheka mpaka akaenda kushika ukuta. Vijana wote wakamtazama. Aliporudi alikuwa na machozi, akagonga skrini yangu kwa ukucha.

"Mzee. Kumbe programu hii umeiandika kwa damu yako."

Nikampigia mke wangu. Nikamwambia ampigie kaka yake, amwambie azime mashine na kuiwasha. Mke wangu ana maneno machache, lakini siku ile aliyachagua. "Mimi si mtandao," akasema, na akakata.

Nikamwambia mwalimu anipe dawa ya programu, hayo mengine ni yangu.

"Dawa ni utaratibu. Kila uzi unaotaka kufuli zote mbili, uanze na ile ile siku zote. Wote waanze na hita, halafu simu. Hapo hawawezi kukabana."

"Kwa nini hita iwe ya kwanza? Kwa nini si simu?"

"Yoyote. Nani wa kwanza haidhuru. Mradi kila siku awe ni yule yule."

"Kwetu inadhuru."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana mayai yako nakufa."

Nikaandika mbele yake, kwa kidole kimoja, naye akinihimiza kama askari wa zamu. Uzi wa simu nikauamuru uchukue kwanza kufuli ya hita hata kama hauitaki bado. Niliona ni udhalilishaji wa simu, lakini niliandika. Nikasahihisha makosa mawili ya herufi, nikaweka kwenye kadi, nikaingia kwenye pikapu.

Barabara ya Koboko sitaisimulia. Nilipita Maracha nikipiga honi hata kwa mbuzi waliolala pembeni. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia yule mtu: mtu gani anaona mayai ya akina mama yanakufa na anakaa na simu mfukoni? Maneno yalikuwa mazuri. Yalikuwa na mwanzo, kati na mwisho.

Nikaingia uani. Mashine yangu sikuiona. Niliona rundo la mablanketi, mablanketi ya mama mkwe wangu, yale ya maua, yamefunika kabati lote mpaka chini. Kando yake majiko mawili ya mkaa na birika zinafuka. Shemeji alikuwa amevua shati, amepiga magoti, anaingiza chupa za maji ya moto kati ya trei moja moja, na anachomoa zilizopoa. Kila chupa aliibana kwanza shavuni kama mama anayepima uji wa mtoto. Kompyuta hakuigusa. Ubao wangu wa rangi nyekundu ulikuwa pale pale juu ya blanketi, umenyooka. Alikuwa ameusoma, akautii, ili nisije nikapata la kusema.

Akasimama. Tukatazamana. Maneno yangu yote mazuri yakabaki Maracha.

Na hapo hapakuwa na mlango wa kugombania. Yeye alikuwepo, mimi nilikuwa nimekuja, na hata mtoto angeona ni nani. Lakini mdomo wangu haukutaka. Nikageukia mashine. Nikaiambia mashine, "Salaam aleikum."

Shemeji akaitazama mashine hiyo hiyo.

"Aleikum salaam," akaiambia. Kisha akasema, "Kuku yako iko na homa ya baridi. Fanya haraka, maji nakwisha."

Nikazima. Nikachomoa kadi, nikachomeka mpya, nikawasha. Tulikaa tunatazama taa ya hita kama watu wanaotazama mlango wa chumba cha kujifungulia. Ikawaka. Simu yangu ikalia mfukoni, ujumbe wa joto. Papo hapo, ili nihakikishe, nikatuma amri. Nikatuma nyingine. Nikatuma nyingi kwa fujo, ili nizigonganishe zile nyuzi kwa makusudi. Kila moja ilijibiwa, na taa ya hita ikaendelea kuwaka na kuzima kwa wakati wake. Haikukwama. Haijakwama tena mpaka leo ninapoandika, na mwenye digrii yeyote akitaka kuja kuitazama, aje. Aache kamera nyumbani.

Mayai mengine hayakutotolewa. Sitasema yote yalitoka, kwa kuwa akina mama wa Koboko wangenicheka. Lakini trei nyingi zilijaa mlio, na ulikuwa mlio wa kutosha kumfanya imamu wa jirani aulize kuna nini. Wale akina mama wakaja na maboksi yao yenye matundu. Nilikuwa nimevaa koti. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kidogo habari za nyuzi na kufuli, kwa lugha nyepesi, wapate kujua ni kazi ya nani.

Hawakuniuliza. Walikuwa wameona mablanketi na birika, na waliyoyaona ndiyo waliyoyasifu. "Huyu mwanaume alikaa na mayai yetu kama kuku," wakasema, wakimpiga shemeji mgongoni. Wakampa jogoo. Yeye! Mtu asiyejua hata kompyuta inawashiwa upande gani.

"Ahsante, mama," akasema, bila aibu yoyote. "Mayai ni kubembeleza."

Nikafunga milango ya pikapu nianze kurudi. Akanifuata, jogoo chini ya kwapa.

"Shemeji," akasema. "Aliyechukua mke ndiye anasalimu kwanza. Sheria iko namna hiyo toka zamani, si mimi niliitunga."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata tukigongana mlangoni. Hata mimi nikiwa na makosa."

Nikamtazama usoni nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Nikamwambia kwamba mimi ni mkubwa kwake, kwamba mashine ni yangu, programu ni yangu, na bila mimi angekuwa bado anauza pumba. Akasema ndiyo, ndiyo, yote hiyo kweli. Akangoja.

"Salaam aleikum, shemeji," nikasema.

"Aleikum salaam. Pita ndani, jogoo nachinjwa."

Simpendi, na asidhani nampenda. Lakini tangu siku ile nikifika nasalimu mimi, naye anaitikia, na hatujakabana mlangoni tena. Siku ile jioni chakula kilipokuja, akashika birika na beseni, zamu hii maji ya kunawa tu. Kwao mgeni ndiye ananawa kwanza. Nikanyoosha mikono, akanimiminia, halafu nikamshikia birika akanawa yeye.

Yule jogoo alikuwa mgumu kama kiatu cha polisi, na nilimwambia.